Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui na Hisabu ya Mirathi

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake lajulikana na wengi, lakini kazi yake haijulikani ila na wachache. Naye ni marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sababu ya kumtaja leo ni hii. Wako wazee miongoni mwetu ambao humwona mtoto amerudi kutoka skuli, daftari lake limejaa vigawo, vigawe na namba tasa, wakauliza: Muislamu ana faida gani na mambo haya? Na upande wa pili wako vijana waliofuzu hisabu hizo hizo, nao hudhani kwamba katika vyuo vya dini hakuna hisabu yoyote ila kuhesabu tasbihi. Makundi haya mawili yote hayakupata kweli, na maisha ya Sheikh al-Amin ni hoja juu yao wote.

Sheikh al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika nyumba ya ilimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894, na mwanawe angali mtoto mdogo sana. Basi Sheikh al-Amin alikua yatima. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanachuoni na kadhi. Kisha akavuka bahari kwenda Unguja, mji uliokuwa siku zile ndio kitovu cha ilimu ya dini katika pwani yote hii, akasoma kwa mabwana wawili wasiokuwa na kifani katika zama zao: Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na mwanafunzi wao huyu akarithi kwao ilimu isiyogawika kwa mafungu.

Miongoni mwa ilimu ambazo mtu hawezi kukaa katika kiti cha ukadhi ila awe nazo ni ilimu ya faraidhi, yaani ilimu ya kugawanya mirathi. Na hapa ndipo twamtaka msomaji wetu asimame kidogo, kwani ndipo chuo na skuli hukutana.

Mwenyezi Mungu ametaja mafungu ya warithi katika Suratin Nisaa, nayo ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Kuyajua mafungu haya kwa moyo ni jambo jepesi, hata mtoto wa chuoni huweza. Lakini warithi hawaji mmoja mmoja. Huja mjane na thumni yake, na mama na sudusi yake, na watoto na kilichobaki. Basi lazima ipatikane namba moja ambayo itatoa thumni nzima na sudusi nzima pasi na kuvunjika. Namba hiyo wanavyuoni huiita asili ya mas-ala, nayo haipatikani kwa kubahatisha.

Natueleze maneno ya skuli kwanza, ili mzee na mtoto wafahamiane. Kigawo cha namba ni ile namba inayoigawa pasi na kubakisha kitu. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Kigawe ni kinyume chake, yaani ile namba inayopatikana kwa kuzidisha. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24, na kuendelea bila ya mwisho. Na namba tasa ni ile iliyozidi 1 ambayo haina kigawo ila 1 na yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19. Namba hiyo haikuzaliwa na namba mbili ndogo kuliko yenyewe zikizidishwa. Kila namba nyengine iliyozidi 1 imejengwa kwa hizi tasa, kama nyumba ilivyojengwa kwa mawe. Hiyo 24 ni 2 mara 2 mara 2 mara 3, wala haiwezi kujengwa kwa mawe mengine.

Sasa tuingie chuoni. Mwanafunzi wa faraidhi hufundishwa kwamba namba mbili zinapokutana haziwi ila katika hali moja miongoni mwa hali nne. Ya kwanza ni tamathul, nayo ni kuwa sawa, kama 4 na 4. Hapo yatosha kuchukua moja. Ya pili ni tadakhul, nayo ni kuwa moja imeingia ndani ya nyengine, kama 3 na 6. Hapo huchukuliwa kubwa, kwa kuwa hiyo kubwa ni kigawe cha ndogo. Ya tatu ni tawafuq, nayo ni kuwa zote mbili zina kigawo cha shirika kilichozidi 1, kama 6 na 8 ambazo zote hugawika kwa 2. Hapo huchukuliwa nusu ya moja ikazidishwa kwa nyengine, ikawa 3 mara 8, yaani 24. Ya nne ni tabayun, nayo ni kutengana kabisa, kama 3 na 8, ambazo hazina kigawo cha shirika ila 1. Hapo zote mbili huzidishwa, nayo pia huwa 24.

Ewe msomaji, haya ndiyo yale yale mtoto wako anayofundishwa skuli kwa jina la kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika. Mwalimu wake ameyachukua katika kitabu cha Serikali, na sheikh wa chuoni ameyachukua katika vitabu vya fiqhi. Majina ni mbali mbali, na ilimu ni moja.

Wanavyuoni wakatazama mafungu yote sita, na namna yanavyoweza kukutana, wakaona kwamba asili za mas-ala zilizo mashuhuri ni saba tu: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Zitazame vizuri. Hakuna hata moja iliyo na jiwe jengine ila 2 na 3. Basi mafungu yote ya Qur-ani yamesimama juu ya namba tasa mbili za kwanza. Taabu huja baadaye, pale watoto wanapokuwa watano au saba au kumi na mmoja, kwani hapo huingia namba tasa nyengine isiyokuwamo katika asili, na hisabu huhitaji kusahihishwa.

Turudi kwa Sheikh al-Amin. Aliporudi kutoka masomoni hakutosheka na kusomesha msikitini peke yake. Alikuwa akisoma jarida la al-Manar lililokuwa likitolewa Misri na Sheikh Rashid Rida, akaona namna Waislamu wa nchi nyengine walivyoamka. Akatazama Mombasa yake, akaona watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja limeshikilia ada za wazee, hata zile zisizokuwa na asili katika dini. Na kundi la pili limeiga mavazi na mwendo wa Wazungu, likaacha kuiga bidii yao katika ilimu na kazi. Basi mwaka 1930 akaanzisha gazeti dogo la Kiswahili, akaliita Sahifa, akawa akiliandika kwa hati za Kiarabu, ambazo ndizo watu wa pwani walizozizoea. Mwaka 1932 akatoa jengine, akaliita al-Islah, lililokuwa na maneno ya Kiswahili na ya Kiarabu. Makala yake mengi yalikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Katika kurasa hizo alikemea ubadhirifu wa arusi na matanga, akakemea uvivu, akahimiza biashara na kazi za mikono, akataka watoto wa kike wasomeshwe kama wa kiume. Na jambo alilolikariri sana ni kwamba Muislamu hana ruhusa ya kuipa mgongo ilimu ya dunia. Hakuona kwamba hisabu ni ya Wazungu na fiqhi ni ya Waislamu. Na angelionaje hivyo, naye ni mtu aliyesoma faraidhi, ambayo nusu yake ni aya na nusu yake ni hisabu?

Wala hakuwa wa kwanza kuona hivyo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala baina ya miaka 813 na 833, ndiye aliyetunga kile kitabu cha al-jabr ambacho ulimwengu wote umechukua kwacho jina la aljebra. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Basi ilimu ambayo baadhi yetu huiogopa ikiingia skuli kwa mlango wa mbele, ilikuwa imekwisha kukaa katika nyumba yetu zaidi ya miaka elfu moja.

Mwaka huo huo wa 1932 Sheikh al-Amin aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kiti hicho alikikalia mpaka alipofariki. Na kazi ya kadhi katika nchi yetu ni ndoa, talaka na mirathi. Hatusemi kwamba Sheikh al-Amin alikuwa mwalimu wa hisabu, wala hatusemi kwamba alitunga kitabu juu ya namba tasa. Twasema kwamba kwa muda wa miaka 15 alikaa katika kiti ambacho haki ya mjane na ya yatima haitoki salama ila kwa hisabu hii.

Natupige mfano wa mas-ala ambayo kila kadhi wa pwani huyaona. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Deni zimelipwa na wasia umetekelezwa. Mke ana thumni, kwa kuwa maiti ameacha watoto. Mama ana sudusi. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume apate mafungu mawili na mwanamke moja. Thumni yataka 8, na sudusi yataka 6, na hizi ni tawafuq, basi asili ya mas-ala ni 24. Mke achukua 3, mama achukua 4, zabaki 17.

Sasa watoto wa kiume wawili huhesabiwa vichwa vinne, na binti kichwa kimoja, jumla ni vichwa vitano. Kumi na saba haigawiki kwa tano. Kumi na saba ni tasa, na tano ni tasa, hazina shirika lolote. Hapa ndipo asiyejua hisabu husimama akakuna kichwa, kisha akasema: basi, hiki kidogo kilichozidi apewe kaka mkubwa, dada atasamehe. Na huyo dada hakusamehe, bali amenyamaza kwa haya. Lakini ajuaye hisabu huzidisha 24 kwa 5, akapata 120. Mke ana 15, mama ana 20, kila mtoto wa kiume ana 34, na binti ana 17. Jumulisha, utaona ni 120 kamili, hapana kilichozidi wala kilichopungua. Ikiwa mali iliyoachwa ni shilingi 1,200,000, mke atapata 150,000, mama 200,000, kila mwana wa kiume 340,000, na binti 170,000. Hakuna haja ya mtu kusamehe kitu.

Na mfano wa pili ni wa mtu aliyeacha baba, mama na mabinti kumi. Baba ana sudusi, mama ana sudusi, na mabinti wana thuluthi mbili. Asili ya mas-ala ni 6: baba 1, mama 1, mabinti 4. Nne haigawiki kwa kumi. Asiyetazama vigawo atazidisha 6 kwa 10 apate 60, na jawabu lake litakuwa sahihi, lakini amejibebesha mzigo usiokuwa na haja. Mwenye kutazama ataona kwamba 4 na 10 zote hugawika kwa 2, basi atachukua nusu ya 10, ambayo ni 5, azidishe 6 kwa 5, apate 30. Baba ana 5, mama ana 5, na kila binti ana 2. Hisabu ndogo huonekana makosa yake upesi, na hisabu kubwa huficha makosa ndani ya wingi wa tarakimu.

Jambo hili latuhusu sisi wa ng'ambo zaidi kuliko wengine. Kuna mashamba huku kwetu, ya minazi na miembe, ambayo babu alifariki hayakugawanywa, kisha baba akafariki hayakugawanywa, na sasa wajukuu wamefika umri wa kufa. Wanavyuoni huyaita mas-ala haya munasakha, yaani maiti juu ya maiti. Kila maiti mpya huja na warithi wake na namba yake, nayo huzidishwa juu ya namba ya kwanza, mpaka shamba moja likawa na mafungu maelfu. Asiyejua kuitafuta tawafuq baina ya fungu la maiti na mas-ala yake hawezi kuyapunguza, na mwishowe watu huchoka, akaja mwenye nguvu akalichukua lote, au likauzwa kwa mtu wa mbali na fedha zikagawanywa kwa kelele. Udugu uliokatika kwa sababu hiyo ni mwingi, na chanzo chake si uadui, bali ni hisabu iliyokosa mtu wa kuifanya mapema.

Sheikh al-Amin alifariki mwaka 1947, umri wake haujatimia miaka 60. Aliacha kitabu cha Kiarabu cha tarikhi ya Wamazrui wa Mombasa, akaacha vitabu vya kuwafundisha watu dini yao kwa Kiswahili, na akaacha wanafunzi. Miongoni mwa waliochota kwake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na wote wawili walikuja kukaa katika kiti kile kile cha Ukadhi Mkuu wa Kenya. Na huyo Sheikh Abdallah, aliyekamilisha tafsiri ya Qur-ani kwa Kiswahili, alikuwa pia mwalimu wa skuli za Serikali huko Unguja kwa miaka mingi. Na mwana wa Sheikh al-Amin, Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014, alikuwa profesa mashuhuri ulimwenguni katika ilimu ya siasa. Basi angalia namna nyumba moja na darasa moja zilivyotoa kadhi, mwalimu na profesa, wala hapana mmoja aliyemzuilia mwengine njia.

Mahkama za kadhi zingali zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezithibitisha, na mirathi ya Waislamu ni miongoni mwa kazi zake. Lakini kadhi hawezi kuingia katika kila nyumba. Haki huanza nyumbani, pale jamaa wanapokaa baada ya matanga, na mmoja wao akawa na uwezo wa kuchukua karatasi na kalamu akawaonyesha wenziwe kila fungu na mahali lilipotoka.

Kwa hivyo twawanasihi wazee: mtoto akileta daftari la vigawo na vigawe, msimwambie kwamba hayo hayana faida. Mwambieni awagawie mirathi ya mfano. Mpeni mke, mama na watoto watano, mtazame atafanya nini. Twawanasihi waalimu wa vyuo: mnaposomesha faraidhi msitosheke na kuhifadhisha mafungu sita; wafundisheni wanafunzi hali zile nne kwa namba, na muwaambie kwamba tabayun ni jambo lile lile walilolisoma skuli asubuhi. Na mabinti wasiachwe nyuma katika hili, kwani wao ndio ambao mafungu yao hupotea zaidi. Binti ajuaye kwamba ana 17 katika 120 si rahisi kuambiwa kwamba hisabu haigawiki.

Na twawanasihi vijana wa skuli: hisabu mliyonayo ni amana. Wenzenu wa zamani walitembea kwa miguu kuifuata kwa mashekhe, na nyinyi mmeletewa mlangoni. Mkiitumia kwa mtihani tu itakufeni mtihani ukisha, na mkiitumia kwa kumpatia yatima haki yake itakuwa ni ibada.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh al-Amin na mashekhe wake na wanafunzi wake, na atujaalie kuwa katika wenye kutoa haki kwa ukamilifu wake. Amin.